Pimbi na Bwana Maji wa Mchirizini

Naja na ngano!

— Njoo nayo, tumekaa!

Nimwage, nisimwage?

— Mwaga, tutaizoa!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, unanizibia upepo.

Zamani, wanyama walipokuwa wakiishi mjini kama sisi, palikuwa na mji mdogo unaitwa Mchirizini. Mji wenyewe ulikuwa mteremkoni. Juu kabisa, penye mawe, kulikuwa na tangi la kujengwa, liko wazi juu kama bakuli. Maji yalitoka mlimani yakaingia tangini, yakapita kwenye mchanga wa kuchujia, kisha yakashuka na mfereji, chiri chiri chiri, mpaka sokoni. Hapo ndipo mji mzima ulipochota. Swala alichota hapo. Kanga alichota hapo. Pimbi alichota hapo.

Aliyepewa kazi ya kulinda tangi alikuwa Kiboko. Walimwita Bwana Maji. Mnamjua Kiboko: tumbo kama pipa, mdomo kama mlango wa ghala, na akikaa kwenye kiti, kiti kinaomba msamaha. Sheria ya maji ilikuwa nyepesi tu. Maji yaachwe yatulie. Mchanga usafishwe. Kiumbe yeyote asiingize hata ukucha tangini.

Na sheria hiyo ilikuwa na msimamizi wake, Bwana Korongo, mkaguzi. Huyu alizunguka mji hadi mji na begi la ngozi begani. Kila msimu alifika Mchirizini, akapima maji, akatoa cheti. Kiboko alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakitundika ukutani pale barazani kwake, akarudi nyuma kidogo kukitazama kama kimekaa sawa.

Cheti kilikuwa kizuri. Maji ndiyo yalikuwa mabaya.

Yaliharibika polepole. Kwanza yakawa na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Halafu yakawa na rangi ya chai yenyewe. Halafu yakaanza kunuka.

Swala akapanda mlima, akapiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Una nini?"

"Maji yananuka."

"Tazama ukutani. Cheti kipo?"

"Kipo."

"Kinasemaje?"

"Kinasema maji ni safi."

"Basi ni safi. Nenda kanywe."

Swala akashuka, tapa tapa tapa, akanywa. Jioni tumbo likamsokota, akakesha kichakani.

Kanga naye akapanda. Kanga huyu alikuwa mama wa vifaranga wengi, na wote walikuwa wakiharisha.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Una nini?"

"Vifaranga wangu wanaumwa. Ni haya maji."

"Vifaranga wanakula hovyo. Tazama ukutani. Cheti kipo?"

"Kipo."

"Kinasemaje?"

"Kinasema maji ni safi."

"Basi ni safi. Nenda kawanyweshe."

Kanga akashuka, akawanywesha. Alikuwa mtiifu, na cheti alikuwa amekiona kwa macho yake. Wawili katika vifaranga wale hawakupona. Kanga akawazika kando ya ua wake, akakaa pale na manyoya yake yote yamelala. Majirani walikuja kumpa pole, wakanywa maji, wakaondoka wameshika matumbo.

Sasa tumfikie Pimbi. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mviringo kama kiazi, mkia hana, pembe hana. Akisimama karibu na Kiboko unaweza kudhani Kiboko amedondosha kitu. Alikuwa mama wa watoto kadhaa, na kitinda mimba wake aliitwa Nyamizi. Nyamizi alikuwa mtundu, mwenye kelele, wa kurukia kila jiwe. Ghafla akawa kimya. Macho yakaingia ndani, midomo ikakauka. Ukimpa kiazi anakitazama tu kama kitu cha jirani.

Pimbi akasema, "Ngoja nikamtafutie majani ya mpera."

Mpera ulikuwa juu, kwenye mawe, ng'ambo ya tangi. Pimbi akapanda, kwaru kwaru kwaru. Jua lilikuwa la utosi. Akiwa anachuma majani, akasikia huko chini:

Chubwiii!

Halafu: gulu gulu gulu. Halafu: brrrrrr!

Pimbi akachungulia. Tangini, katikati ya maji ya kunywa ya mji mzima, alikuwa amejilaza Kiboko. Masikio tu ndiyo yako nje, na puani anapuliza povu. Mara akainuka kidogo nyuma, na kile kimkia chake kifupi kikaanza kupunga: paf! paf! paf! Alichokuwa akikitawanya sikitaji jina, maana bado hamjala.

Pimbi akaita, "Mzee Kiboko!"

"Nani huyo?"

"Mimi Pimbi, jirani yako wa mawe ya juu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, hayo si ndiyo maji tunayokunywa?"

"Ndiyo. Si mimi ninayeyatunza?"

"Sasa mbona umo ndani?"

"Naoga."

"Kwenye maji ya kunywa?"

Kiboko akacheka, ho ho ho, maji yakamwagika pembeni. "Wewe Pimbi una kichwa kidogo, sikulaumu. Hebu niambie, kuoga ni uchafu au ni usafi?"

"Ni usafi, Mzee."

"Basi. Mimi nikiingia humu naingiza usafi."

Na wanangu, Kiboko hakuwa anatania. Aliamini hivyo kabisa. Katika maisha yake yote hajawahi kufikiri kwamba kitu kinachotoka kwake kinaweza kuwa uchafu.

"Na huo mkia, Mzee?"

"Mkia gani?"

Pimbi akaliacha la mkia. Akasema, "Mwanangu anaumwa sana. Nakuomba, toka humo."

"Pole. Umeshatazama ukutani?"

"Ukuta uko kwako, Mzee. Hapa naona maji tu."

Kiboko akafumbua ule mdomo wake wote, akanguruma mpaka mawe yakaitikia. Pimbi akateremka mbio, majani ameyabana kwapani.

Alipofika nyumbani alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia majani ya mpera, chumvi kidogo na asali kidogo. Akamnywesha Nyamizi kwa kijiko. Mtoto akanywa kidogo, akalala. Pimbi akakaa karibu yake, akawaza.

Akiwaambia watu wa sokoni, watasema cheti kipo. Akingoja mkaguzi, je? Hapo akakumbuka jambo. Nyuma ya nyumba ya Kiboko kulikuwa na chemchemi ndogo, maji yake meupe kama machozi, imezungushiwa uzio wa miiba. Hayo ndiyo maji aliyokunywa Kiboko mwenyewe. Na kutoka kwenye mawe yake Pimbi alikuwa akimwona, kila siku ya ukaguzi, Kiboko anachota mtungi pale chemchemini na kumpelekea Korongo barazani. Pimbi alikuwa akidhani ni maji ya kumkaribisha mgeni.

"Kumbe ndiyo yanayopimwa," akasema.

Akaendelea kumnywesha mtoto. Na huku mkono unanywesha, kichwa kinatembea.

Baada ya hapo ngoma ya sokoni ikalia, ndi ndi ndi: Bwana Korongo yuko njiani, atafika mwezi ukiandama. Mwezi uliokuwa juu ulikuwa umeshaanza kupungua.

Pimbi akachukua mbegu za nyonyo, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta. Akajipaka kuanzia pua mpaka kisigino. Akang'aa! Nzi akitua anateleza. Kisha akapita mbele ya baraza ya Kiboko polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

Kiboko alikuwa kitini anajikuna. Ule ulikuwa wakati wa kiangazi, na ngozi yake ilikuwa imepasuka kama shamba la mpunga lililokauka. Kwaruu, kwaruu, anakuna. Akamwona Pimbi, akaacha kukuna.

"Wewe Pimbi! Hebu simama hapo. Umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu, Mzee."

"Mbona unang'aa?"

Pimbi akatazama chini. "Nimeoga tu."

"Umeoga wapi?"

"Nisamehe, Mzee. Kuna maji yalikuwa yanavuja chini ya uzio wako, yale ya chemchemi. Nikanawa kidogo. Nikashangaa mwenyewe, ngozi imekuwa hivi."

"Maji yangu!"

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo maana nimekuja kukuomba ruhusa. Niwe naingia kuoga mle kila siku, mimi na wanangu, na Kanga, na Swala. Wewe huna haja nayo, una tangi."

Kiboko akasimama. Kiti kikashukuru. "Nani amekwambia sina haja nayo?"

"Nimedhani tu, Mzee. Ngozi yako ni ya heshima hivyo hivyo, hata na mipasuko yake."

"Ondoka hapa! Na nikimwona mtu kwenye chemchemi yangu, namkanyaga!"

Pimbi akaondoka. Alipokata kona akajibanza nyuma ya jiwe, akasikiliza. Hakungoja sana. Akasikia uzio: krrrach! Akasikia miguu: tifu, tifu, tifu. Halafu akasikia: chubwiii!

Chemchemi ilikuwa ndogo, Kiboko mkubwa. Maji yaliruka pande zote, pwaaa! Kiboko akajaa mle kama ugali uliopakuliwa kwenye kikombe. Lakini tope lilikuwa la baridi, likaingia kwenye mipasuko ya ngozi, na ule muwasho ukatulia. Kiboko akafumba macho. "Aaah," akasema. "Na hivi walitaka kuoga humu!"

Basi akahamia. Asubuhi yumo, mchana yumo, jua likizama yumo. Kula analetewa humo humo. Na mkia ukaendelea na kazi yake: paf! paf! paf!

Tangi likabaki peke yake. Maji mapya yakaingia kutoka mlimani, machafu yakaendelea kutoka, tope likatuama chini. Pimbi akaenda kumwita Kanga. Wakapanda wote wawili, wakautoa mchanga wa kuchujia, wakausuuza mpaka ukawa mweupe, wakaurudisha. Kanga hakuuliza maswali mengi. Alisuuza kwa nguvu, kama mtu mwenye neno moyoni.

Maji ya sokoni yakarudi rangi ya chai ya maziwa. Kisha yakawa na rangi ya maji. Swala akaacha kwenda kichakani. Na asubuhi moja Pimbi alikuwa anafagia, akasikia nyuma yake, "Mama, kiazi changu kiko wapi?" Akageuka. Nyamizi amekaa, nywele zimesimama, amekasirika kwa njaa. Pimbi akampa kiazi. Kisha akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mwezi ukaandama. Siku ya ukaguzi ikafika.

Kiboko akatoka chemchemini, akajikung'uta, akachota mtungi. Maji yalikuwa kama uji wa ulezi. Kiboko akayatazama, akasema, "Yatatulia." Akauweka mtungi kivulini. Na kweli, tope likashuka chini, juu yakabaki meupe. "Unaona?" akajiambia. "Chemchemi ni ile ile, na safari hii ina usafi wangu ndani."

Watu wakajaa barazani. Korongo akaja na miguu yake mirefu, anatua mmoja, anafikiri, anatua mwingine.

"Karibu, Bwana Mkaguzi!" akasema Kiboko. "Samaki wameshakaangwa. Huko tangini usijisumbue, mawe ni makali na jua ni kali. Maji nimeshakuchotea."

"Ahsante, ahsante," akasema Korongo, maana hakuyapenda yale mawe na samaki aliwapenda. Akafungua begi. Akatoa chupa ya kioo na kichupa cha dawa. Dawa ile ukiidondosha kwenye maji safi, maji hayabadiliki. Ukiidondosha kwenye maji machafu, yanageuka meusi kama masizi ya chungu.

Akaijaza chupa kutoka mtungini, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Bwana Maji, haya ndiyo wanayokunywa watu wa mji?"

"Ndiyo haya haya."

Pimbi akanyoosha mkono kule nyuma. "Naomba arudie kwa sauti, Bwana Mkaguzi. Masikio yangu madogo."

Kiboko akajaza kifua. "Haya ndiyo maji ya Mchirizini! Nimeyachota tangini mwenyewe, kwa mkono wangu, leo asubuhi!"

Korongo akadondosha dawa. To! To! To!

Maji yakageuka meusi.

Korongo akaitikisa chupa, akainusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. Akasimama kwa mguu mmoja, maana hivyo ndivyo anavyosimama akifadhaika.

"Bwana Maji," akasema, "haya hata kudekia nyumba sikuruhusu." Akanyoosha shingo, akakichomoa cheti ukutani.

"Ngoja!" akapiga kelele Kiboko. "Hayo siyo maji ya tangi!"

"Umesema ni ya tangi."

"Nimesema, lakini siyo! Ni ya chemchemi yangu, nyuma ya nyumba!"

"Na yale ya msimu uliopita?"

"Ya chemchemi."

"Na ya msimu wa kabla yake?"

"Ya chemchemi pia. Lakini wakati ule yalikuwa safi! Wakati ule nilikuwa sijaanza kuoga humo!"

Watu wakasema, "Eeeeh!"

Korongo akashusha mguu wa pili. "Na wakati ule ulikuwa unaoga wapi?"

Kiboko akafungua mdomo. Akaufunga: kap! Akaufungua tena. Kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, akasema, "Tangini."

Kanga akatoka katikati ya watu, akaja mpaka mbele yake. Alimfikia gotini tu.

"Mzee," akasema, "mimi nilipokuja hapa ulinionyesha ukuta."

Kiboko akautazama ukuta. Palikuwa pamebaki msumari.

"Sikujua," akasema.

"Nami sikujua," akasema Kanga. "Nikaenda nikawanywesha."

Basi. Kiboko hakupata pa kuweka macho.

Korongo akawaacha samaki wake wakipoa. Akapanda mawe kwa mara ya kwanza tangu awe mkaguzi, anateleza, anashikilia, begi linamgonga mgongoni, na mji mzima nyuma yake. Akachota tangini mwenyewe. To! To! To! Maji hayakubadilika.

"Si mnaona!" Kiboko akafurahi. "Tangi ni safi! Nirudishiwe cheti changu!"

"Ni safi kwa sababu hukuwamo," akasema Pimbi.

Watu wakacheka kwa muda mrefu, isipokuwa Kanga, na isipokuwa Korongo. Korongo alikuwa ameinamisha mdomo wake kifuani. Hakuna aliyemsema kuhusu samaki wale. Alikuwa anawakumbuka mwenyewe, wa misimu yote.

Siku ile ile Kiboko alivuliwa kazi. Akaambiwa aende kwenye bwawa la bondeni, chini kabisa ya mji, mahali ambapo hakuna anayechota. Huko aoge apendavyo. Kazi ya tangi wakapewa Kanga na Swala. Nao wakalijengea ukuta mrefu, wakaweka mlango mdogo, mdogo kwelikweli. Kiboko hapitishi hata shavu. Korongo akaendelea kuja kila msimu, lakini sasa alianzia tangini kwanza, samaki baadaye, tena wake mwenyewe, wa kukausha, alikuja nao begini.

Kiboko alipokuwa anateremka kwenda bwawani, alimpita Pimbi njiani. Akasimama. Akamtazama sana.

"Pimbi," akasema, "hasira yangu weka kando. Nataka kuuliza kitu kimoja. Wewe ulinawa kidogo tu ukang'aa. Mimi nimekaa mle mpaka mwezi umeisha na kuandama. Mbona sikung'aa?"

Pimbi akafikiri kidogo. "Labda ulitoka mapema, Mzee."

Kiboko akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Kweli." Akashuka zake bwawani, akaingia. Ndiyo maana mpaka leo ukipita utamkuta majini tangu asubuhi, masikio tu ndiyo yako nje. Anangoja kung'aa.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo mama zenu watanidai. Funzo ni hili: uongo ni mbaya sana, wanangu. Tazameni Pimbi. Aliposema kweli kule juu ya tangi, alifukuzwa kwa adabu zote. Aliposema uongo, mji mzima ukapata maji safi, mtoto akapona na mkaguzi akajifunza kupanda mlima. Hasara tupu! Kwa hiyo msimwige. Siku mkimkuta mkubwa ameingia kwenye maji yenu ya kunywa, msimsumbue na maneno. Mwamkieni, mpelekeeni sabuni na taulo, kisha nendeni mkanywe.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, aliyechoka ailalie.

— Tumeipokea, haijamwagika!